UZI MAALUMU: Trio sonata kwa ala za baroko. Nyuzi za utumbo, A=415 (noti A yenye mitetemo 415 kwa sekunde), upinde, na kutyuni pamoja na hapsikodi

BesiKwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni wa wanaopiga, au wanaojiandaa kupiga, trio sonata za watunzi wa baroko (takriban 1600 hadi 1750) kama Corelli, Telemann na Bach kwa ala za enzi hizo au nakala zake. Kwa wageni: trio sonata inaitwa ya watatu kwa sababu ina mistari mitatu iliyoandikwa, miwili ya juu na besi, lakini kwa kawaida wapigaji ni wanne. Besi inapigwa na selo au gamba (ala ya upinde yenye freti, hushikwa kwa magoti), na mwenye hapsikodi (ala ya kibodi inayodonoa nyuzi), ogani au tiobo (aina ya kinubi chenye shingo ndefu, jamii ya luti) anajaza kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, juu ya besi hiyohiyo. Hao wa chini ndio kontinuo.

Vikundi vingi vipya vinaanzia juu. Wapiga fidla wanatyuni kila mtu peke yake, vizuri kabisa, kisha wanakaa na hapsikodi na hakuna kodi inayotulia. Hapo watu wanalaumu masikio au nyuzi, wakati kisa ni hesabu.

Nyuzi za fidla na selo zimepishana kwa umbali wa do hadi so. Ukizityuni mpaka mtikisiko (mawimbi yanayosikika noti mbili zisipokubaliana) uishe kabisa, kila umbali unakuwa senti 702 (senti 100 ni nusu toni ya kinanda cha kawaida). Hapsikodi haiwezi kufuata hilo. Ukipanda do–so safi 12 mfululizo unarudi kwenye noti uliyoanzia ukiwa umezidi kwa senti 23.5, kwa hiyo lazima baadhi zibanwe. Mbinu inayotumika sana leo kwa muziki wa 1680 hadi 1750 ni Vallotti: F–C, C–G, G–D, D–A, A–E na E–B zinapunguzwa senti 3.9 kila moja, na sita zilizobaki zinaachwa safi.

Sasa angalieni: nyuzi wazi (zisizobonyezwa kidole) zote za fidla na selo zimo ndani ya zile sita zilizobanwa. Tukilinganisha na mashine ya kawaida ya kutyunia, A ikiwa 0, tofauti kwa senti ni:

C +5.9
G +3.9
D +2
A 0
E −2

Mpiga selo aliyetyuni do–so safi kuanzia A ana C iliyoko −5.9. Kati yake na C ya hapsikodi kuna senti karibu 12, na wote wawili wanapiga noti hiyohiyo kwa wakati mmoja! Juu yake fidla imetyuni E safi, yaani +2. Kati ya C ile ya selo na E hii, do–mi imefika senti 408, ilhali do–mi iliyo safi ni 386. Hapo ndipo kodi ya C kubwa (meja) inapokuwa chungu na kila mtu anamtazama mwenzake.

Utaratibu ninaoupendekeza: hapsikodi inatyuniwa kwanza, ukumbi ukiwa tayari na taa na joto la onyesho. Selo inafuata, uzi mmoja mmoja dhidi ya noti ileile ya hapsikodi, bila kulinganisha uzi na uzi. Fidla zinakuja mwisho, na kipimo chake ni hiki: selo ashike C wazi, fidla apige E wazi. Ikiwa inakwaruza, shusheni E, msiguse A.

Kwaya_Bass2

Asante mkuu, hiyo ya do–mi nimeielewa moja kwa moja. Swali: kama shida ni do–mi kuwa pana, kwa nini msitumie ile mbinu nyingine ya kutyuni, mintoni ya robo koma, ambayo do–mi zake ni safi kabisa?

UnyoyaWaKunguru

Ngoja nijibu hili, hapsikodi ndiyo kazi yangu.

Robo koma inafaa sana kwa muziki wa mwanzoni mwa karne ya 17, mfano sonata za Castello na Marini. Kila do–so inabanwa senti 5.4 na do–mi nane zinatoka safi. Gharama yake ni kwamba unachagua noti nyeusi: ukityuni G# huna A-flati, ukityuni E-flati huna D#. Ile do–so ya mwisho, G# kwenda E-flati, inabaki na senti 738. Wazee wa Ulaya waliiita mbwa mwitu, na ukiisikia mara moja hutaisahau.

Sasa chukua trio sonata iliyomo kwenye Sadaka ya Muziki ya Bach, 1747. Iko C ndogo (maina), A-flati ni chakula cha kila siku humo na D-flati inapita. Kwa robo koma haipigiki. Kwa Corelli katika funguo zenye kasha (#) chache au flati chache unaweza, lakini ukibadilisha kipande katikati ya onyesho unaanza kutyuni upya. Ndiyo maana Vallotti imezoeleka: F, C na G zinatulia, funguo za mbali zinakuwa na makali lakini haziumi.

Wanaotyuni kwa sikio, njia ya Vallotti ni hii. Chukua A kwenye uma wa kutyunia, iteremshe oktava. Tyuni F iliyo chini ya A hiyo mpaka do–mi ya F–A itikisike mawimbi karibu 3 kwa sekunde, ikiwa pana. Kisha panga C, G na D katikati ya F na A ili zile do–so nne zibanwe sawasawa. Ikiwa moja inatikisika haraka kuliko nyingine za urefu uleule, rudi hapo kabla hujaenda mbele. Kutoka A panga E, kutoka E panga B, kwa mbano uleule. Zilizobaki ni rahisi: B–F# na F#–C# safi kabisa, upande wa pili F–B-flati, B-flati–E-flati, E-flati–A-flati safi kabisa. Mwisho jaribu C#–G#, ambayo hujaigusa. Ikiwa imetulia yenyewe, umefaulu. Ikiwa inatikisika, kosa liko kwenye zile sita za kwanza, usiifiche kwenye noti nyeusi.

Wenye mashine, namba zote hizi hapa: C +5.9, C# 0, D +2, E-flati +3.9, E −2, F +7.8, F# −2, G +3.9, G# +2, A 0, B-flati +5.9, B −3.9.

Onyo kwa wenye hapsikodi ya kibodi inayosogea kati ya 415 na 440: ukisogeza kibodi kutoka 415 kwenda 440, kitufe cha C sasa kinadonoa uzi uliokuwa wa C#. Mpangilio wote umehama nusu toni, na do–mi zilizokuwa tamu sasa ziko kwenye funguo usizozihitaji. Lazima utyuni upya. Mtu anasogeza kibodi dakika tano kabla ya kuanza, halafu anashangaa.

Gamba7

Naongeza upande wa gamba kwa sababu freti zake za kufungwa (vipande vya utumbo vinavyozungushwa shingoni kuonyesha mahali pa noti) zinawachanganya wengi. Nyuzi wazi ni D, G, C, E, A, D. Zityuni zote kwa hapsikodi kama alivyosema BesiKwanza. Tatizo ni freti ya kwanza. Kwa Vallotti, uzi wa C unahitaji senti 94 kupata C#, uzi wa E unahitaji senti 110 kupata F. Freti ni moja na inapita nyuzi zote. Ukiiweka kwa ajili ya F, C# itakuwa juu mno, na kidole hakiwezi kushusha noti iliyofretiwa. Basi iweke chini kidogo ya katikati, kisha F ipandishwe kwa kuvuta uzi pembeni kidogo au kubonya kwa nguvu zaidi. Kidole kinaweza kupandisha, hakiwezi kushusha.

Freti ikiwa inateleza, usiigundishe. Ivute kuelekea kichwa, ambako shingo ni nyembamba, kaza fundo, halafu isukume kurudi mahali pake; shingo yenyewe itaikaza.

FundiWaFidla

Tuje kwenye nyuzi. Nyuzi za utumbo ni utumbo wa kondoo au ng'ombe uliosokotwa, na unene wake unachagua wewe. Kwa fidla yenye urefu wa uzi wa sentimita 32.5, A=415, seti ya kuanzia isiyo na shida:

E 0.62 mm
A 0.78 mm
D 1.05 mm
G utumbo uliozungushiwa waya, au utumbo mtupu wa karibu 1.30 mm kama upinde wako unaweza kuuamsha

Kwa vipimo hivyo E inabeba takriban kilo 6.5, A 4.6, D 3.7. Mvuto unapungua kadiri unavyoshuka. Nyuzi zilizozungushiwa waya zilianza kutajwa karibu na 1660, hivyo kwa Corelli huna haja ya kujitesa na G nene isiyojibu. Kwa Castello ni hadithi nyingine.

Kuweka: badilisha uzi mmoja kwa wakati mmoja. Ukivua zote, daraja litaanguka na nguzo ya ndani itafuata. Paka penseli laini kwenye mifereji ya daraja na ya kichwa, maana utumbo unakatika pale unaponasa. Kila ukipandisha, angalia daraja halijainama mbele. Lirudishe kwa vidole viwili kabla halijapinda. Nywele zikichomoza kwenye uzi, zikate kwa kikata kucha karibu kabisa na uzi. Usizivute, utafungua msokoto wote. Tone la mafuta ya lozi kwenye kitambaa, pitisha, futa, ila mbali na sehemu ya upinde.

Kwaya_Bass2

Mkuu FundiWaFidla, naona watu wengi wanalalamika E inakatika. Si waongeze tu unene, iwe 0.68?

FundiWaFidla

Hapana, na hili ni muhimu. Uzi mnene zaidi una nyama zaidi, lakini kuufikisha noti ileile unahitaji mvuto mkubwa kwa kiasi kilekile. Mkazo kwa kila milimita ya mraba unabaki palepale. Kinachoamua kukatika ni urefu wa uzi na noti. Ukitoka 415 kwenda 440 mvuto unaongezeka kwa takriban asilimia 12, na hapo ndipo E ya utumbo inapokaribia ukingo. Unene unabadilisha sauti na mguso, hautibu kukatika.

Kwa hiyo ikiwa E inakatika, angalia inakatikia wapi. Kwenye mfereji wa kichwa: mfereji una makali au ni mwembamba kuliko uzi. Kwenye daraja: hivyohivyo. Kwenye kigingi: umepishanisha mizunguko vibaya na uzi unajikata wenyewe. Katikati ya njia ya upinde: umechakaa kwa jasho na msuguano, huo ni uzee wake wa kawaida.

BesiKwanza

Kuhusu 415 yenyewe, wasomaji wasidhani Ulaya nzima ilikuwa 415. Hiyo ni makubaliano ya wapigaji wa karne ya 20, yamechaguliwa kwa sababu ni nusu toni kamili chini ya 440. Roma ya Corelli ilikuwa chini zaidi, karibu na 392 wanayotumia watu leo kwa muziki wa Kifaransa. Venice ilikuwa juu. Quantz, mpiga filimbi wa Ujerumani, katika kitabu chake cha 1752 anasikitika kwamba kila mji una tyuni yake.

UpindeMfupi

Naomba tuingie kwenye upinde, maana fidla ya baroko yenye upinde wa kisasa ni nusu ya kazi. Upinde tulionao leo ulikamilishwa Paris na Tourte kuelekea 1785, umepinda kuelekea manyoya na una nguvu sawa kutoka shinani hadi nchani. Wa Corelli umenyooka au kubinuka nje, ncha ni nyepesi, na mara nyingi ni mfupi. Kwa umbo hilo mvuto wa upinde wa kushuka unatoka mzito na wa kupanda unatoka mwepesi bila wewe kufanya lolote. Usipigane na hilo. Mtunzi Muffat alieleza mwaka 1698 jinsi wapigaji wa Lully, mtunzi wa Ufaransa, walivyoweka mvuto wa kushuka kwenye pigo la kwanza la kila kipimo, hata ikibidi kurudia kushuka mara mbili.

Mwanzo wa noti: Leopold Mozart, katika kitabu chake cha fidla cha 1756, anafundisha kwamba kila sauti, hata iliyo kali, inaanza na ulaini mdogo usiosikika sana. Kwenye utumbo hilo ni hitaji la ala. Ukibana upinde kabla uzi haujaanza kutetema unapata mlio wa kukwaruza, kisha noti inachelewa. Weka uzito wa mkono baada ya uzi kuanza kuimba. Rozini (utomvu mkavu unaopakwa manyoya ya upinde) iwe kidogo. Utumbo ni mkavu wenyewe, rozini nyingi inaugeuza kuwa msasa.

Halafu zile noti zinazogongana katika Corelli, fidla moja inashikilia, ya pili inaingia toni moja au nusu toni juu yake, ya kwanza inashuka, na mchezo unajirudia. Noti ya mgongano ndiyo yenye uzito, ya utatuzi ni nyepesi. Anayeshikilia aongeze sauti pale mwenzake anapoingia, badala ya kufifia. Wakifanya kinyume, ukurasa mzima unakuwa bapa.

Gamba7

Na vibrato? Maana kuna watu wanasema baroko ni marufuku.

UpindeMfupi

Si marufuku, na vyanzo havikubaliani. Mpiga fidla Geminiani, London 1751, anataka itumike mara nyingi iwezekanavyo, hata kwenye noti fupi. Leopold Mozart, miaka mitano baadaye, anawasema wanaotetemesha kila noti kana kwamba wana ugonjwa. Msimamo wangu: kwenye trio sonata iwe pambo la noti ndefu iliyochaguliwa, hasa kwa sababu ya zile do–mi mlizotyuni kwa shida. Vibrato pana inafuta kazi yote ya UnyoyaWaKunguru.

Kwaya_Bass2

Nina swali la kontinuo. Kwenye nakala ya zamani nimeona besi tupu yenye namba juu yake. Mpiga hapsikodi anajuaje kiasi cha kujaza?

UnyoyaWaKunguru

Namba zinataja umbali kutoka besi. Besi bila namba: do–mi–so ya kawaida. 6: weka ya tatu na ya sita. 7, ya saba. 4 ikifuatwa na 3: mgongano na utatuzi wake. Alama ya kasha peke yake: ya tatu iwe kubwa.

Kiasi ndicho kinachotenganisha wapigaji. Hapsikodi haiwezi kukuza noti moja, kwa hiyo idadi ya noti ndiyo sauti yako: noti tano kwenye pigo zito, mbili kwenye jepesi, moja tupu mwishoni mwa sentensi. Mkono wa kulia ukae katikati ya kibodi, usipande juu ya fidla. Usirudufu noti inayoongoza kwenda do. Na 4–3 ikija, shikilia 4 pamoja na fidla. Ukigusa 3 mapema umeua mgongano ambao UpindeMfupi ameuandaa. Kwenye Grave (sehemu ya mwendo wa polepole), mwaga kodi polepole kutoka chini, ila noti ya besi itue pamoja na selo.

Na someni jalada. Trio za Corelli ni 48, vitabu vinne vya 12: Op. 1 (1681), Op. 2 (1685), Op. 3 (1689), Op. 4 (1694). Op. 1 na 3 zinataja besi kwa ogani. Op. 2 na 4 zinasema violone (ala ya besi ya upinde) *au* hapsikodi. "Au"! Huna hapsikodi? Fidla mbili na selo zinatosha kwa Op. 2 na 4, kwa idhini ya mtunzi mwenyewe. Wanaoanza waanzie hapo. Mpiga selo ajifunze kusoma namba hata hivyo, ajue lini yuko chini ya mgongano.

MpingoNaBoksi

Neno kwa wapiga filimbi. Traverso (filimbi ya mti inayopulizwa kwa ubavu) ya mwanzoni mwa karne ya 18 ina matundu sita na kitufe kimoja cha D#. Ufunguo wake wa nyumbani ni D kubwa. Ukitoka hapo unatumia vidole vya kuruka (unaacha tundu moja wazi na kuziba yaliyo chini yake), na noti hizo (F, G#, B-flati) zinatoka zimefunikwa na dhaifu. F# kwa kawaida iko chini, F iko juu. Rekebisha kwa kugeuza mdomo, si kwa kupuliza zaidi. Ndiyo maana trio ya Bach ya C ndogo ni ngumu hivyo kwa traverso: karibu kila mstari una noti za kufunikwa. Fidla lazima apunguze kwenye noti hizo, asimwachie filimbi ashindane.

Mti: enzi zile ni boksi (mti mgumu wa Ulaya, boxwood), ebony na pembe za ndovu. Mpingo wetu wa Kilwa na Lindi uliingia baadaye, kwenye klarineti na oboe, na leo baadhi ya mafundi wanachonga traverso kwa mpingo pia. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, unashika umbo vizuri kuliko boksi ambalo hupinda, na sauti yake ni nzito na ya moja kwa moja. Kwa chumba kidogo na hapsikodi moja nachagua boksi. Kwa ukumbi mkubwa, mpingo. Mnaosafiri nao: Dalbergia, jamii ya mpingo, ziliingizwa Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) mwanzoni mwa 2017, isipokuwa D. nigra iliyokuwa tayari Kiambatisho cha I, lakini tangu mwisho wa Novemba 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa kwenye masharti ya vibali. Magogo na vipande ambavyo havijachongwa bado vinabanwa.

Filimbi mpya ya mti wowote: dakika 10 hadi 15 tu kwa siku wiki za kwanza, futa ndani kila mara, paka mafuta ya lozi ikiwa kavu kabisa. Nyufa nyingi zinatokana na kupuliza saa nzima siku ya kwanza.

Kwaya_Bass2

La mwisho wakuu: sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, unyevu wetu huu, inawezekana kweli?

UnyoyaWaKunguru

Inawezekana. Kinachoua ni mabadiliko ya ghafla kuliko unyevu wenyewe. Ukumbi wa kiyoyozi unaowashwa saa moja kabla ni mbaya kuliko ukumbi wa madirisha wazi siku nzima. Ama kiwashwe asubuhi kisizimwe, ama kisiwashwe kabisa.

Unyevu ukipanda, ubao wa sauti wa hapsikodi unavimba na ala nzima inapanda. Hewa ikikauka inashuka. Msifukuze kila badiliko. Ikiwa yote imepanda sawa, wengine wafuate hapsikodi. Vigingi vya fidla navyo vinanasa kwenye unyevu na kuteleza kwenye ukavu; chaki na sabuni kavu kidogo vinasaidia.

Vitufe vikianza kugoma, fuata mpangilio huu. Kijiti (kinachosimama juu ya mwisho wa kitufe na kubeba ukucha unaodonoa uzi) hakirudi chini: kitoe, kitazame ubavuni, sehemu inayong'aa ndiyo inayokwaruza kwenye reli inayoshika vijiti, ipitishe msasa laini sana mara mbili tatu, jaribu, rudia. Kijiti kinashuka kidogo tu na noti haijirudii: ukucha unanasa juu ya uzi, lainisha upande wake wa chini kwa kisu kikali. Noti inalia baada ya kuachia: kitambaa cha kuzimia hakigusi uzi, kishushe kidogo. Noti ni dhaifu: ukucha haufiki chini ya uzi, na hapo usikate kitu, sogeza reli kwanza, kwa sababu huenda imehama na noti zote zimepungua pamoja.

Usiondoe nyama nyingi kwenye kijiti kilichovimba. Ikifika miezi ya ukavu kitakuwa chembamba, kitayumba kwenye reli, na hakuna namna ya kukirudishia mti.